Kabla ya kutuma emoji yenye mabawa

Mdogo wangu alipojifungua, mimi nilikuwa mlangoni pa materniti, wa kwanza kupata habari. Kwa furaha niliandika maneno mawili tu kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, «Mtoto wetu», nikaongeza 👼. Kule Likasi mama mkubwa alisoma, akakaa chini. Kwetu Lubumbashi mtoto mchanga akifariki, wazee husema amekuwa malaika, naye ndivyo alivyoelewa. Alinipigia mara nyingi, simu yangu ilikuwa kimya kwa ajili ya wagonjwa. Nilipomrudishia, nilimkuta kwenye kituo cha mabasi, amejifunga kitenge cha kilio.

Tangu siku hiyo naangalia mabawa kwa jicho lingine. Kinachoruka kinaondoka. Ukimtumia mtu kitu chenye mabawa, kwanza atajiuliza nani ameenda, au nini kimeenda.

Chukua 💸. Mdogo wangu wa mwisho aliniomba faranga za usafiri, nikamjibu kwa 💸 peke yake, yaani zangu zote zimesharuka. Yeye akaona pesa ziko njiani kwake. Alisubiri kwenye kabini ya kutolea pesa za simu mpaka mwenye kabini akakunja mwavuli. Sasa naandika «nimetuma» au «sina».

Njiwa 🕊️ nampenda kuliko wote, na ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Kwenye kilio anafaa sana: anamsindikiza marehemu, na asiyekuwa na maneno anakuwa amesema. Lakini njiwa huyo huyo ni wa amani, na tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, wengi hapa wanamtuma kuwaombea ndugu zao wa Kivu. Mtu mwenye mama yake Goma akipata 🕊️ saa sita za usiku bila neno lolote, hatafikiria amani. Atafikiria mama. Tafadhali, andika kwanza «Tunaombea amani», ndipo umweke njiwa.

Bundi 🦉 usimtumie mzee kabisa. Wazungu wanamhesabu kuwa ndege wa hekima, na kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliwatakia wenzake Exetat njema, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa bundi. Nkambo, yaani mzazi wa mzazi, wa mmoja wao alitaka kujua ni nani anayemroga mjukuu wake. Kipepeo 🦋 hana shida, mpe aliyepona ugonjwa au aliyependeza.

Halafu kuna kunguru wetu. Sisi wa Mazembe, timu ya mpira ya Lubumbashi, tunaitwa Corbeaux, yaani kunguru kwa Kifaransa, ila kwa kukosa emoji ya ndege mweusi kwa miaka mingi tuliazima tai 🦅, na Kinshasa kuna timu inayobeba jina la tai! Ndege mweusi 🐦‍⬛ aliingia kwenye orodha ya emoji mwaka 2022. Shida ni kwamba ameundwa kwa emoji mbili zilizounganishwa, ndege 🐦 na mraba mweusi ⬛. Simu ya zamani haijui kuziunganisha, inazionyesha moja moja, na mjomba mwenye simu hiyo ataona tangazo la msiba mahali ulipoweka ushindi. Andika matokeo kwanza. Feniksi 🐦‍🔥 wa mwaka 2023, ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni, ana tabia hiyo hiyo: ukimtumia mtu aliyeinuka baada ya matatizo, huenda akaona ndege na moto pembeni.

Mtoto wa mdogo wangu sasa anatembea. Mama mkubwa bado akiona bawa lolote kwenye ujumbe wangu hupiga simu kabla ya kusoma maneno, nami huipokea mlio wa kwanza.