Bomba la vali ya usalama: anzia shingoni

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyofunga boila la kiwanda cha sukari kinachojizalishia umeme kwa makapi ya miwa. Siku ya kujaribu vali ya usalama, ile inayofunguka yenyewe shinikizo la mvuke likizidi, tulisimama mbali, masikio tumeziba. Vali ilipofyatuka, bomba la kutolea mvuke lilirudi nyuma kama mtu aliyesukumwa kifuani. Boila lilipopoa tukapaka rangi nyekundu ya kupimia nyufa pale shingo ya vali, yaani kipande kifupi cha bomba kinachoibeba, ilipochomelewa kwenye bomba kuu. Ukajitokeza mstari mwembamba, urefu wa kucha. Tangu siku hiyo nikiletewa mchoro, jicho linaenda shingoni kwanza.

Tulikuwa tumehesabu uzito wa bomba na kutanuka kwake kwa joto, tukasahau msukumo wa mvuke wenyewe. Chukua vali inayotoa tani 40 kwa saa, yaani kilo 11 hivi kila sekunde. Mvuke ukitoka kwa kasi ya mita 600 kwa sekunde, mwendo wake pekee unasukuma kwa takriban kilonyutoni 6.7. Ongeza shinikizo linalobaki mdomoni mwa bomba la inchi 8, unakaribia 8.5. Kisha kumbuka vali haifunguki polepole. Kiambatisho cha II cha ASME B31.1, kanuni za Marekani za mabomba ya mitambo ya umeme, kinashauri uzidishe kwa namba kati ya 1.1 na 2, kutegemea bomba linavyotikisika. Mimi, kama sijafanya uchambuzi, naweka 2. Hapo umefika 17. Kiwiko, yaani pale bomba la kutolea linapopinda kwenda juu, kikiwa sentimita 60 kutoka shingoni, shingo inapindwa kwa kilonyutoni-mita 10.

Si mambo ya kwenye karatasi tu. Mwaka 1970 huko South Carolina, Marekani, kituo cha umeme wa nyuklia cha H.B. Robinson kikiwa bado kwenye majaribio, shingo ya vali ya usalama iling'oka kutoka bomba kuu la mvuke.

Kwa hiyo fupisha mkono huo wa kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko kadiri uwezavyo, na shingo iwe nene. Vali mbili zikitazamana, usidhani misukumo yao itafutana, maana hazifunguki kwa wakati mmoja. Bomba la kupandisha mvuke nje ya paa lisibebwe na vali hata kidogo; lijengee nguzo zake. Toboa pia njia ya kutolea maji, kwani maji yaliyotuama yakirushwa na mvuke yanapiga kama nyundo.

Sisi tulikata, tukafupisha, tukachomelea upya. Boila lilipopata moto nilipanda kupima nafasi kati ya kiwiko na bomba la kupandisha mvuke: vidole viwili, pande zote.