Kabla Hujaisifia Gemu, Sema Umeichezea Wapi

Ujumbe uliozaa makala hii ni mfupi: "Kaka, nina simu ya RAM GB 3 na laptopu ya zamani. Nataka kuanza kuhakiki gemu, za kale na hizi mpya za bure. Nianze na ipi?"

Swali ni zuri, ila limeruka hatua. Gemu za kuanza nazo zimejaa. Kinachokosekana ni uaminifu kwa msomaji. Hakiki nyingi zinasema gemu ni kali au ni mbovu, wala hazitaji ilichezwa kwenye mashine gani, toleo namba ngapi, skrini ya aina gani. Mtu anasoma, anachoma bando la GB 2, anafungua, inaganda dakika ya tatu. Huyo amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni mwandishi.

Jina la gemu peke yake halitoshi. Chukua Contra, ile gemu ya wanajeshi wanaokimbia wakipiga risasi. Konami waliitoa kwenye mashine za sarafu mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaingia majumbani kwa mashine za Nintendo: Famicom kule Japani, NES kule Marekani. Kaseti ya Japani ilikuwa na chipu ya ziada ya Konami wenyewe, ndiyo maana hatua ya kwanza minazi inapepea, na kati ya hatua na hatua unaonyeshwa ramani na picha za hadithi. Ya Marekani haina hayo. Ilipofika Ulaya mwaka 1990, wanajeshi waligeuzwa maroboti na jina likawa Probotector. Hizo tayari ni gemu tatu, mbali na ile ya sarafu. Na mashine zilizojaa mitaani kwetu zilikuwa nakala za Famicom, zenye kumeza kaseti ya pini 60, si ile ya NES yenye pini 72. Kwa hiyo usidhani ulichocheza utotoni ndicho Wamarekani wanachokisifia kwenye video zao.

Halafu kuna kasi, na hapa ndipo wahakiki wengi wanapoanguka bila kujua. TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. Za Japani na Marekani zilikuwa 60. Gemu za wakati ule zilihesabu muda kwa fremu, si kwa sekunde, hivyo gemu iliyoundwa kwa 60 ikiendeshwa kwa 50 inapungua kasi karibu asilimia 17. Adui anatembea polepole, muziki unajivuta, na mtoto anakua akiamini kwamba gemu ni rahisi.

Unaweza kulipima hili mwenyewe kwa Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Saa ya hatua ya kwanza inaanzia 400, na namba moja hupungua kila baada ya fremu 24. Msimamishe Mario mahali salama pale mwanzoni, washa saa ya simu namba ikisoma 390, izime ikisoma 290. Ukipata sekunde 40, uko kwenye 60. Ukipata 48, kaseti ya 60 inaendeshwa kwa 50. Kwenye Mesen, ambayo ni emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, nenda sehemu ya kuchagua eneo (Region), utakuta NTSC, ambao ni mfumo wa 60, PAL na Dendy. Dendy ni jina la nakala ya Famicom iliyouzwa sana Urusi miaka ya 1990, na chaguo hilo linaiga mashine za nakala za 50. Jaribu yote matatu, kisha andika umehakiki kwa lipi. Ni sentensi moja tu, lakini inamwokoa msomaji.

Humohumo kwenye emuleta kuna mitego mingine miwili. Famicom haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha kwenye mstari mmoja wa skrini, ndiyo maana maadui wakijipanga wanapepesa. Emuleta inakuruhusu kuondoa kikomo hicho, picha ikatulia. Ukikiondoa, sema. Mtego wa pili ni kuhifadhi mchezo popote na kurudisha nyuma. Ukivitumia, umejinyima haki ya kuzungumzia ugumu wa gemu. Hata ile juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A ya Contra, inayokupa maisha 30 badala ya 3, ukiitumia itaje.

Mwenye kaseti halisi aache kupuliza. Najua sote tulipuliza. Mvuke wa mate unabaki kwenye pini na kuleta kutu, na kilichosaidia kilikuwa kule kuichomoa na kuichomeka tena. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kidogo kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua pini mpaka pamba itoke safi, subiri dakika kadhaa ikauke, ndipo uchomeke. Na kama ni kaseti inayohifadhi mchezo, kama The Legend of Zelda ya NES, ndani kuna betri ya kidonge, CR2032. Hifadhi, zima, subiri usiku kucha, washa. Mchezo ukiwa umefutika, usiilaumu gemu, huenda betri imekufa.

Skrini nayo inasema uongo. Gemu za zamani zilichorwa kwa TV ya 4:3. TV bapa huzivuta mpaka Mario anakuwa mnene kama gunia. Rekebisha umbo la picha kwanza, kisha washa hali ya gemu kwenye TV, kwa sababu TV za sasa huisafisha picha kabla ya kuionyesha na kazi hiyo inachelewesha vidole vyako. Kupima ucheleweshaji hakuhitaji kifaa cha bei. Weka simu yenye kurekodi fremu 240 kwa sekunde ili ione kidole na skrini kwa pamoja, bonyeza kuruka mara kumi, kisha hesabu picha kuanzia kitufe kinapozama hadi Mario anapoacha ardhi. Kila picha ni milisekunde 4.2. Picha 24 ni kama milisekunde 100, na hapo mchezaji makini anaanza kudai gemu haimsikii. Rudia kwa pedi ya waya na ya bluetooth. Wakati mwingine mkosaji ni pedi.

Kwenye simu, wengi wetu tunacheza kwa PPSSPP, emuleta ya PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony. PSP yenyewe ilikuwa na skrini ya pikseli 480 kwa 272, kwa hiyo kwa simu ya GB 3 anza na 1x, yaani ukubwa uleule wa PSP, ukiona inabeba ndipo upande 2x. Zima kuruka fremu, yaani emuleta kuacha baadhi ya picha ili iwahi, unapopima, maana ukiiacha imewashwa kasi itasoma asilimia 100 huku macho yanaona picha zinazokatika. Washa kionyeshi cha kasi na cha FPS (fremu kwa sekunde) vyote viwili. Kuna gemu zilizoundwa kwa fremu 30, na kuna kama Tekken: Dark Resurrection iliyoundwa kwa 60. Bila kujua hilo utaandika kwamba simu imeshindwa kumbe gemu ndiyo ilivyo. Na usipime dakika ya tano ukaondoka. Simu ikipata joto inajipunguzia nguvu. Andika namba za dakika ya 5 na za dakika ya 30, pamoja na asilimia ya chaji iliyokwenda.

Sasa neno bure. Linabeba vitu vinne tofauti, na mhakiki asiyevitenganisha anapotosha. Kuna gemu huria, ambazo hata msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi: SuperTuxKart, OpenTTD, au 0 A.D., ambayo ndani yake unaweza kuongoza Wakushi wa bonde la Nile. Kuna zilizoachiliwa na wenyewe, kama Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994, inayochezeka kwa programu ya ScummVM. Kuna zilizogawiwa nusu: msimbo wa Doom ulifunguliwa mwaka 1997, lakini picha na hatua zake bado ni mali ya wenyewe, isipokuwa sehemu ya kwanza yenye hatua 9 iliyogawiwa tangu 1993. Ndiyo maana kuna Freedoom, inayojaza nafasi ya vile visivyo huru. Na kuna zenye duka ndani, ambazo ndizo zinazomeza watu. Kaseti ya Contra kutouzwa tena madukani hakuifanyi iingie katika kundi lolote kati ya haya.

Hizi zenye duka ndani, zicheze siku saba bila kulipa hata senti, daftari mkononi. Tangazo la kwanza limekuja dakika ya ngapi? Hatua gani imekuzuia mpaka usubiri au ulipe? Candy Crush Saga inakupa maisha 5, kila moja linarudi baada ya dakika 30, yaani ukiyamaliza yote unasubiri saa mbili na nusu yajae. Genshin Impact inakuuzia bahati nasibu ya wahusika, na inataja yenyewe nafasi ya asilimia 0.6 ya kupata mhusika wa nyota tano kila unapovuta, na uhakika ukifika mara 90. Kila kuvuta ni Primogem 160, ambayo ni sarafu ya ndani ya gemu. Zidisha: 14,400. Angalia bei ya vifurushi dukani mwao siku hiyo, igeuze iwe shilingi, uiandike. Maneno "ina manunuzi ndani" hayamsaidii mtu yeyote.

Bando pia ni bei. Ukubwa unaosomeka dukani si ukubwa wote, kwani gemu nyingi zikifunguka zinapakua tena. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, soma namba ya gemu hiyo kabla ya kuifungua, baada ya upakuaji wa ndani, na baada ya saa moja ya kucheza. Pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, ipime alfajiri na saa mbili usiku, mtandao uleule. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, aliyehakiki gemu ya mtandaoni wiki ile alihakiki waya, si gemu.

Toleo na tarehe viwe mstari wa kwanza, kila mara. eFootball ilipozinduliwa mwishoni mwa Septemba 2021 ilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Konami waliomba radhi, toleo 1.0.0 likaja Aprili 2022. Hakiki ya wiki ile ya kwanza, isiyo na tarehe, bado inamdanganya mtu leo.

Basi ndugu yangu, jibu lako: anza na SuperTuxKart, kwa sababu ni ya bure kwelikweli na inaingia kwenye simu yako na kwenye laptopu yako. Washa kionyeshi cha FPS, weka kiwango cha michoro sawa pande zote mbili, chagua njia moja, mizunguko mitatu, mara tano kwa kila kifaa. Kwenye simu cheza kwa vidole kwanza, kisha kwa pedi. Andika muda wa kila mbio na fremu za chini kabisa ulizoziona, na mahali zilipoanguka.