Nyota sita za Subaru ni Kilimia

Ndugu yangu, uliuliza kama nyota sita ulizoziona kwenye Subaru iliyoegeshwa karibu na sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hapa Goma, ni daraja la ubora kama zile za hoteli. La hasha. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi Waswahili tunaliita Kilimia, lile lililowaongoza wakulima kutambua majira ya kulima, na neno hilo la Kijapani hubeba pia maana ya kuungana.

Maana hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Nakajima iliyokuwa ikitengeneza ndege iligawanywa vipandevipande, kisha mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana nayo zikaungana na kuwa Fuji Heavy Industries, ambayo rais wake wa kwanza, Kenji Kita, ndiye aliyechagua jina Subaru kwa ajili ya magari. Kwa hiyo nyota kubwa ya kushoto ni kampuni iliyozaliwa, na zile ndogo tano ni zilizoungana. Kampuni yenyewe ilichukua jina la Subaru mwaka 2017 tu.

Mpangilio wa nembo haufuati sana ule wa angani. Ukitaka kulinganisha, tazama upande wa mashariki jioni za mwezi wa Desemba, mawingu na mwanga wa volkano ya Nyiragongo vikikuruhusu.