Nimeripotiwa kwa picha niliyopiga mwenyewe

SWALI: Kamwene mwandishi. Mimi nipo Iringa mjini, nauza vikapu vya milulu kwenye soko moja la mtandaoni la kampuni ya Marekani. Vikapu vinasukwa na kina mama wa kijijini kwetu upande wa Kalenga, mimi napiga picha naweka tangazo. Sasa mwezi uliopita naamka nakuta imeili, tangazo langu linalouza kuliko yote limetolewa, eti kuna mtu kalalamika kwamba picha ni zake. Picha nimepiga mwenyewe kibarazani kwa mama, hadi ndoo yake ya bluu inaonekana pembeni! Kumcheki huyo mlalamikaji, kumbe naye anauza vikapu kama vyangu na hizo picha kazibeba kwangu kaweka kwake. Juzi kanitumia meseji nimpe laki tatu afute malalamiko. Nimpe yaishe? Au nifungue tu akaunti nyingine? – Dada wa vikapu, Iringa

JIBU: Kamwene dada. Laki tatu usitoe, na akaunti nyingine usifungue. Ukilipa leo atarudi msimu wa Krismasi wakati oda zimejaa, na ukifungua akaunti mpya huku hii ina malalamiko, soko litakuona unakwepa, linaweza kukufungia zote mbili.

Kwanza ujue hakuna mtu aliyekaa akachunguza nani kapiga picha. Marekani wana sheria ya mwaka 1998 inaitwa DMCA, inayosema kwamba mwenye mtandao akipokea malalamiko ya hakimiliki yaliyokamilika halafu akaondoa kitu haraka, yeye habebeshwi mzigo wa kosa la mtumiaji wake. Kwa hiyo wao wanaondoa kwanza, maswali baadaye, na kwa upande wao wanajilinda tu. Ila usije ukasema basi ngoja nipotezee, kwa sababu sheria hiyohiyo inawataka wawe na utaratibu wa kuwafungia watu wanaorudiarudia makosa, na malalamiko ambayo hukuyajibu yanahesabiwa upande wako.

Rudi kwenye ile imeili uisome taratibu. Angalia malalamiko ni ya aina gani (kwako ni hakimiliki, ndiyo maana naongelea DMCA, yangekuwa ya alama ya biashara, yaani jina au nembo ya brandi, njia ni nyingine kabisa), namba ya malalamiko, jina na imeili ya mlalamikaji, na tangazo gani hasa limeguswa. Piga skrinshoti vyote, pamoja na meseji ya laki tatu. Hiyo meseji ni dhahabu, mtu mwenye haki yake kweli haanzi na kukuomba hela ya kufuta.

Sasa ushahidi, hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Usitume picha uliyoipakua kutoka WhatsApp! WhatsApp inaibana picha na kuifuta taarifa zake za ndani. Unataka faili la mwanzo lililopo kwenye simu iliyopiga, ukilifungua kwenye galari ukaenda kwenye maelezo unaona tarehe, saa, aina ya simu na ukubwa wa picha. Hizo taarifa mtu anaweza kuzichezea kwa hiyo peke yake hazitoshi, ila huwa hukupiga picha moja, sivyo? Tafuta zile ulizoziacha, ile iliyotikisika, ile ambayo mtoto kaingiza mkono, ile ndoo ikiwa inaonekana nzima kabla hujasogeza kikapu. Mwizi anayo ile moja tu uliyoitangaza, tena iliyopunguzwa ukubwa na mtandao. Wewe una mfululizo mzima wa asubuhi ile. Ziweke kwenye folda moja, ongeza skrinshoti inayoonyesha tangazo lako lilianza lini na la kwake lilianza lini.

Baada ya hapo unaandika notisi ya kupinga, ile watu wanaiita kaunta notisi. Masoko mengi yana fomu yake, na isipokuwepo unajibu kwenye imeili ile. Unaweka jina lako kamili, anwani, simu na saini, unataja kilichoondolewa na kilikuwa kwenye linki gani, halafu unatamka, huku ukijua kwamba ukidanganya ni kosa la kiapo cha uongo, kwamba unaamini kwa nia njema kimeondolewa kimakosa. Na kuna kipengele kinachowatisha watu, unakubali kwamba mlalamikaji akitaka kushtaki, mahakama ya shirikisho ya Marekani ya pale kampuni ya mtandao inapopatikana iweze kusikiliza, na kwamba utapokea hati za kesi kutoka kwake. Usikisaini kama wali wa bure. Kama hiyo picha kweli ni ya kwako, saini. Kama alipiga mpwa wako, mwenye hakimiliki ni yeye aliyepiga, mkae muandikishane kwanza. Na ujue kabisa notisi yako, pamoja na jina na anwani, inatumwa kwa mlalamikaji.

Wakishaipokea, sheria inawapa siku za kazi kati ya 10 na 14 kurudisha tangazo, isipokuwa huyo jamaa awe amefungua kesi. Kwa mtu wa laki tatu, sidhani kama ataenda kumlipa wakili.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kumshtaki mwongo. Kifungu kipo kwenye hiyohiyo DMCA, cha 512(f), anayedanganya kwa makusudi kwenye malalamiko anaweza kudaiwa hasara na gharama za wakili. Lakini dada, kutoka Iringa uende mahakama ya Marekani kwa ajili ya vikapu, hesabu haikubali. Kitaje tu kwa mstari mmoja ukimwandikia, kwa adabu, bila matusi, kwa sababu hiyo imeili inaweza kusomwa na wengine.

Halafu geuza kibao. Yeye ndiye anatumia picha zako, kwa hiyo peleka malalamiko yako, ya kweli, kuhusu picha. Hakimiliki ya picha inaanza unapopiga, Tanzania na Marekani zote zimo kwenye Mkataba wa Berne kwa hiyo huhitaji cheti kwanza ndipo uwe na haki, ingawa ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili kazi zako unapata karatasi nzuri ya kuonyesha. Ila uishie kwenye picha tu! Usije ukaripoti vikapu vyake eti kaiga, ususi wa milulu ni wa kina mama wa Kihehe tangu zamani, wewe na yeye wote mmeukuta.

SWALI: Mambo vipi bro, mimi nachukua viatu vya mtumba pale Mwanjelwa, nachagua vile vya brandi kali, nasafisha, nauza online. Nimetolewa matangazo mawili wanasema nauza feki. Viatu ni orijino kabisa. Hiyo kaunta notisi watu wanayoisema niijaze? – Mzee wa raba, Mbeya

JIBU: Poa bro, usiijaze. Ile ni ya hakimiliki, wewe umeripotiwa kwa alama ya biashara, ukituma fomu ya DMCA watakujibu haihusiki na muda umepotea. Hapa unatumia njia ya rufaa ya soko lenyewe, na sambamba unamwandikia mlalamikaji umwombe aondoe malalamiko, maana yeye akiyaondoa ndiyo njia fupi kuliko zote.

Kwa ujumla kiatu orijino kikishauzwa mara ya kwanza na mwenye brandi, kukiuza tena kama mtumba siyo kosa, na huko Marekani hilo limezoeleka kabisa. Lakini angalia tangazo lako mwenyewe. Uliweka picha za katalogi ya kampuni badala ya kiatu chenyewe kilichochubuka kisigino? Hiyo picha ina mwenyewe. Uliandika "mpya"? Uliweka nembo yao kama profaili ya duka lako, mtu akifungua anadhani wewe ni wakala? Rekebisha hayo kabla hujakata rufaa. Kisha piga picha upya: lebo ya ndani ya ulimi yenye namba ya modeli, soli, mshono wa ndani, na risiti ya belo kama mwenye belo anakupa (wengi hawatoi, mbembeleze akuandikie hata kwenye karatasi ya daftari, na tarehe).

Na tuambiane ukweli. Belo moja linaweza kuwa na orijino na "first copy", yaani feki iliyoigwa vizuri, ndani yake, na kuna vijana wanaijua kabisa hiyo first copy na bado wanaandika orijino. Kama ni hiyo, malalamiko siyo ya uongo, na huku nyumbani FCC, yaani Tume ya Ushindani, wanakamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Kitoe hicho kiatu, utetee kile unachoweza kukitetea.

SWALI: Ndaga sana kwa safu hii. Nafungasha mchele wa Kyela, nauza kwa mtandao. Kuna mwenye duka kaniripoti, anasema jina "Mchele wa Kyela" kalisajili BRELA ni lake. Nibadilishe jina? – Mama mchele, Tukuyu

JIBU: Shikamoo mama. Usibadilishe kwanza, muulize kasajili nini. Watu wanachanganya jina la biashara na alama ya biashara, yote yanafanyika BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, lakini ni vitu viwili. Jina la biashara linamtambulisha yeye kama mfanyabiashara tu, halimpi umiliki wa maneno kwenye bidhaa za watu. Akisema ni alama, akupe namba ya usajili na daraja la bidhaa, yaani kundi la bidhaa alilosajilia, uihakiki BRELA wenyewe. Alama inasajiliwa kwa miaka 7 halafu inahuishwa kila miaka 10, kwa hiyo angalia pia kama bado iko hai.

Hata akiwa nayo, mara nyingi itakuwa ni nembo yake, ule mchoro na maandishi yake, na mtu kusema kwa ukweli mchele wake unatoka wapi ni jambo lingine. Wewe weka jina lako kubwa mbele ya mfuko, na "mchele kutoka Kyela" kwa maandishi madogo chini, uambatanishe kwenye rufaa risiti za mashine uliyokobolea kule. Sharti uwe ni wa Kyela kweli mama, usiwe umechanganywa na wa mahali pengine njiani, maana akiomba risiti za magunia yote utajibu nini?