Opera ya Kiswahili na Kiingereza: nani aanze?

Ndugu uliyeuliza kama mtunzi wa muziki amtangulie mshairi: hapana, mshairi kwanza. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki ukishafungwa kwa Kiingereza, mkazo wetu huangukia pigo dhaifu na watu wa Ng'ambo, mitaa ya Zanzibar nje ya Mji Mkongwe, hawatasikia neno. Mpeni mtunzi beti za mizani 8 kwa 8, pamoja na rekodi ya mshairi akizighani.

Mpangaji ala, anayegawa muziki kwa vyombo, aitwe mapema pia. Ganuni na udi, ala za nyuzi za taarab, hupiga robo toni (sauti za katikati ya vitufe vya piano) za rasti na bayati, yaani makamu za Kiarabu; piano haiwezi, hapo inyamaze. Wapigaji watafuteni Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki hapo mjini Zanzibar.

Mfasiri awepo mazoezini: noti ya juu ikiangukia irabu "i" au "u", soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) hubanwa koo, neno libadilishwe papo hapo.