Pedali ya gitaa inavuma baada ya kupakwa rangi

Ndugu yangu wa Wete, umesema pedali yako ya fazi (kiboksi cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa) ilikuwa kimya, ukalipaka boksi rangi nje na ndani, sasa inavuma, na ukiligusa boksi mvumo unabadilika. Sakiti yako naiona nzima. Kilichoharibu ni rangi ya ndani: boksi la bati huikinga sakiti na mvumo wa umeme wa nyumba pale tu linapogusana na ethi (upande wa ardhi wa sakiti), kupitia shingo ya jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa gitaa.

Toa jeki. Kwangua rangi ya ndani kuzunguka tundu, upana wa sentimita 1, kwa msasa namba 220 mpaka bati ling'ae. Weka washa ya meno, kaza nati. Pima kwa mita kati ya boksi na shingo ya jeki: isome chini ya ohm 1. Hewa yetu ya chumvi huleta kutu upesi, basi ukishakaza pitisha vazelini kidogo pembezoni. Kama jeki ni ya plastiki, kukwangua hakusaidii. Lehemu waya kutoka ethi ya sakiti hadi skrubu ya boksi.

Minyororo na mayungiyungi uliyoyachora nje, kama ya milango ya Mji Mkongwe, ni mazuri mno, usiyaguse. Yapake vanishi tabaka 3 nyembamba, kila moja ikauke siku nzima. Masika, siku mbili. Tabaka nene hubaki laini chini, nati ikaivuruga.