Vigae vya maua vya nyumba ya kale havipo madukani, nifanyeje?

SWALI: Tunakarabati nyumba ya familia Mji Mkongwe, Zanzibar. Sebule ina vigae vya maua, sentimita 20 kwa 20, na 14 vimevunjika. Madukani nakuta vya kauri tu, 40 kwa 40 au 60 kwa 60. Nitavipata wapi, au vinaweza kutengenezwa?

JIBU: Tazama kwanza ukingo wa kipande kilichovunjika. Rangi ikiwa imeingia ndani milimita 3 hadi 5, na chini yake ni saruji ya kijivu, hicho ni kigae cha saruji. Hakikuchomwa tanuruni, kiligandamizwa, kwa hiyo kinaweza kutengenezwa upya.

Lakini vipya visikae katikati ya sebule. Vya zamani vimelika kwa nyayo za miaka mingi, na kipya kitaonekana tangu mlangoni. Ng'oa vizima 14 vilivyo chini ya kabati au pembeni, uvilete katikati, kisha vipya vikae mafichoni. Anzia palipovunjika, ingiza tindo kwa ubavu chini ya kigae. Kilicholazwa kwa chokaa huachia. Kilicholazwa kwa saruji hupasuka, na ukiona hivyo acha.

Waulize pia wanaobomoa nyumba za kale. Nenda na kigae chako, upime na unene: tofauti ya milimita 2 tu itakulazimisha kuchimba au kuinua kitako chake.

Ukitengeneza, tengeneza 20, maana vingine vitaharibika. Mchomeleaji akuundie fremu ya chuma ya sentimita 20 kwa 20 yenye kitako laini, na kalibu ya ua kwa vipande vya bati, yaani vichumba vya kutenga rangi ndani ya fremu hiyo. Kigae hutengenezwa kifudifudi. Tabaka la uso ni saruji nyeupe na unga wa marumaru, kilo kwa kilo (kilo 3 za kila kimoja zinatosha), na rangi ya oksaidi (unga wa rangi wa kuchanganya na saruji) gramu 50 kwa kila kilo ya saruji. Usivuke gramu 100, uso utadhoofika. Uji uwe mzito kama wa ulezi. Mimina kila rangi katika kichumba chake, unene milimita 4, kisha inua kalibu wima, polepole. Uji ukiwa mwepesi, rangi huingiliana.

Sasa nyunyiza saruji kavu na mchanga laini, kiasi sawa, milimita 4. Tabaka hili ndilo linalonyonya maji ya uso. Ukilipunja, uso utabanduka. Juu yake jaza saruji 1 kwa mchanga 3, unyevu wa kushikana ngumini bila kudondosha maji. Gandamiza kwa jeki ya tani 20 iliyobanwa ndani ya fremu nyingine imara: hiyo ni kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, pungufu ya nguvu ya mashine ya kiwandani, lakini kwa vigae vya pembeni mwa sebule inatosha. Mchanga wa pwani usiutumie kabisa, chumvi yake itatoka juu kama unga mweupe.

Toa kigae papo hapo, kifunike gunia bichi saa 24, kitumbukize majini saa 24 nyingine, kisha kikae kivulini siku 28. Rangi ilinganishe kikishakauka; kibichi huonekana cheusi zaidi.

Kukilaza, sukuma kwa kiganja, usigonge nyundo. Na fundi asisafishe kwa asidi: itakula uso wa kipya na wa kale pamoja.